Mkwilima Aliyeacha Shati Wodini

Kabla hujamgusa mtoto njiti, gusa kwanza shingo yako mwenyewe. Ukishtuka, ujue mikono yako ni ya baridi, rudi ukaisugue. Hilo ndilo somo la kwanza, nyie wadogo zangu mnaoanza kazi na yunifomu zenye mikunjo ya pasi. Mimi nililijua siku nilipomshika mtoto kwa mikono iliyotoka kufua mashuka. Aliruka kama panzi! Mama yake alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka najificha.

Naitwa Minza. Nilistaafu mwaka jana, naishi hapahapa Somanda, nafuga kuku, na kila bodaboda ikipita kwenda hospitali nachungulia kama kuna mtu kabeba kitu kidogo kwenye khanga. Miaka yangu yote pale wodini sikuwa nesi wala daktari. Nilikuwa mhudumu. Sikuchoma sindano hata moja. Kazi yangu ilikuwa ndoo na mashuka, na baadaye, kwa bahati, ikawa kuwatuliza watoto waliozaliwa kabla ya siku zao na kuwafundisha wazazi namna ya kuwabeba. Watu wakisikia hivyo wanasema, "Ahaa, kumbe ulikuwa unabembeleza tu." Tu! Njoo umbembeleze mtu ambaye hajajua kupumua, tuone.

Na mkiona nacheka katikati ya maneno, nivumilieni. Hadithi zangu huwa nazicheka kabla sijafika kwenye kichekesho chenyewe. Marehemu mume wangu alikuwa anasema, "Minza, ukimaliza kucheka utaniita."

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista Tekla, mkuu wa wodi, mtu wa Songea, mfupi, mwenye raba zisizotoa sauti hata kidogo. Siku yangu ya kwanza niliingia na ndoo ya bati, nikaitua sakafuni: ngwaa! Watoto sita wakarusha mikono juu kwa pamoja, utadhani wametekwa na majambazi. Sista hakunigombeza. Alinipeleka chumba cha pembeni akasema, "Minza, panda kitandani ulale chali." Nikapanda. Akanimulika tochi machoni, akadondosha mfuniko wa ndoo karibu na sikio langu, halafu, jamani, akanigusa unyayo kwa kijiko kilichotoka kwenye maji ya baridi.

"Unajisikiaje?"

"Sista, najisikia kama naibiwa."

"Basi na wao ndivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wewe jioni unakwenda kwako."

Kesho yake nilikuja na ndoo ya plastiki, nimeifunga kitambaa kwa chini. Wenzangu wa usafi walinicheka mwezi mzima, eti ndoo yangu imevaa nepi. Nikawaambia ndiyo, na nyie shikeni adabu, ni mtoto wa watu.

Mengine niliyojifunza nawapa bure. Usimpapase njiti kwa ncha za vidole, ngozi yake bado mbichi, anahisi siafu wanatembea. Weka kiganja kimoja kichwani, kingine miguuni, utulie. Usifanye kitu kingine chochote. Hilo la kutofanya kitu ni gumu kweli, nimeona watu wenye digrii zao likiwashinda. Ukitaka kumtengenezea kiota, kunja kitenge kama unakunja kata ya kubebea maji kichwani, ila iwe kubwa, umlaze katikati, miguu ipate mahali pa kusukuma. Amezoea kubanwa tumboni huyo. Ukimwacha katikati ya kitanda kipana anajiona amepotea porini.

Halafu kuna kangaruu. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi, analazwa kwenye kifua kitupu cha mzazi, ngozi kwa ngozi, anafungwa kwa khanga. Sababu yake nyepesi kabisa. Njiti husahau kupumua. Anapumua, anapumua, halafu anasahau, kama mimi ninavyoingia chumbani nikasahau nilichofuata. Akiwa kifuani kwa mtu, kile kifua kinapanda na kushuka, kinamkumbusha. Na akisahau hata hapo, unamsugua mgongo, unamchezea unyayo, huku unamwita nesi kwa sauti. Wazazi wote niliwafundisha hivyo. Shikeni hilo la unyayo, tutalihitaji.

Sasa niwaambie kosa langu kubwa.

Waliletwa mapacha kutoka Mwamapalala. Kwetu Usukumani pacha hawahangaiki na majina: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, basi. Kulwa alikuwa mdogo lakini jeuri. Doto, jamani, Doto alikuwa kama mfuko wa sukari wa kilo moja ambao watu wameshakunywea chai siku mbili. Ukimweka chini, baada ya muda mfupi anasahau kupumua. Ukimweka kifuani anakumbuka. Mama yao alikuwa wodi nyingine, amefanyiwa operesheni, damu imempungua, hata kukaa hawezi. Sista Tekla akaniambia waziwazi, "Minza, huyu Doto dawa yake ni kifua. Mtafutie kifua cha kutwa nzima, la sivyo tutampoteza."

Vifua vilikuwepo viwili. Cha kwanza cha bibi yao mzaa mama, Mama Nkwimba, mwanamke mrefu wa kulima pamba, sauti nzito, mikono mipana. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamfungia Kulwa, mabega wazi, khanga kifuani, raha mustarehe. Cha pili cha baba yao, Masanja, mfugaji, kijana mpole wa maneno machache. Nikamkuta mlangoni nikamwambia, "Baba, vua shati, naomba kifua chako." Akavua bila kuuliza, na shati nikampokea. Nikamshika mkono, nikamwingiza kona ya kangaruu, kwenye kiti cha pili, ubavuni kwa mama mkwe wake.

Nyie mnaotoka mbali hamuwezi kuona nilichofanya. Kwetu mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani kitu mkononi, lazima kipitie kwa mtu wa tatu. Wakikutana njiani, mmoja anakata kushoto anapita kwenye miiba. Na mimi, Minza, mtoto wa Itilima, niliyezaliwa na kukulia humohumo, nimechukua mkwilima kifua wazi nikamkalisha bega kwa bega na mama mkwe wake, naye mabega nje!

Masanja alitazama mara moja tu. Sijapata kuona mtu akigeuka haraka vile. Alipita korido, akapita geti, kifua wazi, akashika barabara. Vijana wa bodaboda wakadhani ni mgonjwa kakimbia sindano, wakamshangilia, mmoja akampakia. Huku ndani Mama Nkwimba alikuwa ameshageukia ukutani, khanga kajifunika kichwa chote, anasema kwa Kisukuma, "Mayu we, nimekufa, nimekufa," na Kulwa kifuani kwake amelala fofofo. Mimi nimesimama na shati la mtu mkononi.

"Kimetokea nini?" Sista Tekla akauliza.

"Nimesahau kwamba mimi ni Msukuma," nikamjibu. Najua leo mnacheka, na mimi nacheka, lakini siku ile nilijifungia stoo ya mashuka nikalia.

Mtasema, si wangepokezana zamu? Watoto wawili, kila mmoja anahitaji kifua kutwa, utapokezana nini? Kwenye mashine ya joto Doto alisahau kupumua mara mbili kabla ya jioni. Tukambeba sisi, mimi, Sista, na nesi wa zamu, kila mtu dakika zake, huku kazi nyingine zinatungoja. Mtoto anatembezwa kifua hiki na kile kama barua isiyo na mwenyewe. Nikaona hivi haiwezekani.

Kesho yake nililikunja shati vizuri, nikapanda bodaboda mpaka Mwamapalala. Nilimkuta Masanja zizini, kavaa koti zito juani, limefungwa mpaka kidevuni.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu." Haangalii juu, anaangalia kwato za ng'ombe.

"Nimekuletea shati."

"Weka hapo kwenye mti."

"Na Doto je?"

Akamsogeza ndama kwa goti. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Anapumua?"

"Anapumua akikumbuka."

"Mama, mimi nitarudi vipi pale? Nimemwona yule mama."

"Umemwona nini, ng'wanawane, mwanangu?"

"Bega."

"Bega tu?"

"Bega lote, mama!" Na macho yakamjaa machozi, jitu zima. Nilitaka kucheka nikauma ulimi, kwa sababu haikuwa mzaha. Mtu yule alikuwa anaona ameivunja nyumba ya wakwe zake, na papo hapo mwanawe anakufa kwa kukosa kifua chake. Yote mawili kwa mkono wangu. Nikamwomba msamaha. Nikapiga goti palepale zizini, kwenye mavi ya ng'ombe, na sketi yangu ya kazi.

Akashtuka, "Inuka, mama, inuka! Tujengee ukuta, nitakuja."

"Ukuta siwezi. Pazia naweza."

Akafikiri sana. Akasema, pazia zito, na mama mkwe aambiwe kwanza, akikubali, yeye aingie akiwa ameshafunikwa. Nikasema hata ukitaka lifungwe kufuli litafungwa. Akachukua shati.

Mama Nkwimba alipokubali, tukafunga kamba kutoka dirishani mpaka kwenye stendi ya dripu, tukatundika mashuka mawili, moja juu ya jingine. Viti vikapeana mgongo. Upande huu Mama Nkwimba na Kulwa, upande ule Masanja na Doto. Na Doto, yule mtoto, alipolazwa tu kwenye kifua cha baba yake alishusha pumzi ndefu kama mzee aliyevua viatu. Sista Tekla akanifinya mkono. Mchana kutwa hakusahau hata mara moja.

Tatizo likaja kwangu. Wale watu wawili walikuwa wametengana hatua moja, kila mmoja anamsikia mwenzake akikohoa, lakini maneno lazima yapite kwa mtu wa tatu. Mimi ndiye posta.

"Minza, mwambie mkwilima asiiname sana, mtoto atateleza."

Nazunguka pazia. "Mama anasema usiiname."

"Mwambie nimesikia."

Nazunguka tena. "Kasikia."

"Nimemsikia akisema kasikia."

Siku mbili nilitembea kuzunguka lile shuka mpaka raba zikapinda upande mmoja.

Siku ya tatu Mama Nkwimba akaniita. Akasema mabasa, yaani pacha, wamezaliwa na hawajaimbiwa, na hilo si jema. Nyie wa hapa mnajua. Pacha wakizaliwa, ukoo wa mke na ukoo wa mume wanakutana wanatukanana kwa nyimbo, tena matusi yenyewe hasa, na siku hiyo aibu inawekwa pembeni, hata wakwe wanaambiana. "Sasa," akasema, "ukoo wa kwetu ni mimi, ukoo wa kwao ni huyo nyuma ya shuka. Kaniombee ruhusa kwa huyo Sista wako."

Nikaenda kwa Sista nikamwambia, bibi anaomba kuwaimbia wajukuu. Sikusema zaidi.

"Kuimba ruksa," Sista akasema, "ila kwa kunong'ona. Kuna wagonjwa humu."

Haya. Mmeshawahi kusikia matusi ya kunong'ona? Yule mama alianza polepole, kwa Kisukuma, sauti ya chini, tamu, kama anabembeleza. Akamwimba mkwilima miguu yake, eti korongo akiiona anaona wivu. Akaimba anavyokula ugali, eti kama watu wanaoshindilia pamba kwenye lori. Akaimba, "Amekimbia akaacha shati, tumeliona, siku nyingine ataacha suruali, tutaona nini?" Mengine siyasemi, mimi ni mshirika kanisani.

Nikazunguka upande wa pili. Nikachungulia. Masanja macho kayafumba, midomo kaikaza, mabega yanatetemeka, na Doto juu ya kifua anapanda na kushuka kama yuko kwenye boda ya barabara ya vumbi. Halafu Masanja naye akafungua mdomo. Kwa kunong'ona vilevile! Akamwimba mama mkwe anavyokoroma, eti wakati wa mahari ng'ombe wake wawili waligoma kuingia uani wakidhani kuna simba. Mama Nkwimba akaziba mdomo kwa khanga. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania stendi ya dripu ili nisianguke.

Kugeuka, Sista Tekla yuko mlangoni, mikono kaikunja kifuani, anatabasamu. "Wimbo mzuri sana," akasema. "Wa kanisani?"

"Wa kumshukuru Mungu, Sista," nikasema.

Sista akaujifunza. Jamani, alijifunza maneno yote! Akawa anawaimbia watoto wengine akiwabadilisha nepi. Walipokuja wageni kukagua wodi, akawaimbia na wao, kwa heshima zote, macho kafumba. Kulikuwa na mzee mmoja Msukuma katika msafara. Alianza kukohoa, akatoka nje. Nilimkuta kaegemea ukuta, machozi yanamtoka, ananiuliza, "Nani kamfundisha yule mama?" Nikasema sijui. Mungu anisamehe. Alipojua maana yake, Sista hakusema na mimi siku nzima, na jioni akanifuata stoo akaniambia, "Hebu nirudie ule ubeti wa suruali."

Lakini haya yote nimeyazunguka ili nifike kwenye asubuhi moja.

Ilikuwa wiki ya pili. Nilikuwa nimekwenda kuchukua mashuka safi, narudi nayo mikononi, niko mlangoni. Wodi imetulia, jua limeingia dirishani. Nikasikia sauti ya Masanja. Hakuniita mimi. Hakusema "mwambie." Alisema, "Mama. Doto hapumui."

Mashuka yaliniponyoka. Nilipiga kelele, "Sista!" nikaanza kukimbia. Kabla sijapiga hatua ya tatu, pazia lilishuka. Lote, na kamba yake. Mama Nkwimba alikuwa amesimama juu ya mkwilima wake, Kulwa kafungwa kifuani, khanga imemteleza, mabega yote nje, na mkono wake mpana uko kwenye kifua kitupu cha Masanja, unamsugua Doto mgongo. Mkono wa pili kwenye unyayo, anauchezea, anauchezea. Midomo ya Doto ilikuwa na rangi ya majivu. Mama yule alikuwa anamwambia kwa Kisukuma, si kwa kunong'ona tena, "Pumua wewe! Pumua, mtoto wa miguu ya korongo, pumua!"

Doto akavuta pumzi. Akavuta na ya pili. Halafu akalia, kilio chembamba cha paka aliyekanyagwa mkia. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Sista Tekla alifika na vifaa vyake, akampima, akasema, "Yupo. Yupo. Mmefanya vizuri."

Ndipo wale wawili wakaona mahali walipo. Uso kwa uso, pazia sakafuni, mkono wa mama mkwe bado uko kwenye kifua cha mkwilima. Nikafumba macho, nikasema sasa atakimbia tena, na leo atakimbia na mtoto.

Mama Nkwimba akamtazama usoni, kwa utulivu kabisa, akasema, "Mkwilima. Kumbe una sura nzuri. Miguu ndiyo imekuharibia."

Masanja akacheka mpaka machozi yakamdondokea Doto kwenye kofia. Na yule mama akakaa chini kwenye kiti, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikakaa sakafuni juu ya pazia nikafanya hivyohivyo. Hakuna aliyelitundika tena. Kazi yangu ya posta iliishia hapo.

Siku ya kuruhusiwa, mama yao akiwa anatembea mwenyewe, nilijiweka katikati nimpokee Doto kwa bibi nimpe baba, kama desturi. Mama Nkwimba akanisogeza kwa kiwiko, akamweka mtoto mikononi mwa Masanja mwenyewe. Huko kijijini heshima zao zilirudi, naambiwa wakikutana njiani mmoja bado anakata kushoto. Lakini Doto hupita mkono kwa mkono.

Walikuja kwangu mwezi uliopita, wamesikia nimestaafu, wameniletea kuku na mchele. Masanja alikaa upande huu wa uwanja, mama mkwe upande ule, wamepeana mgongo kwa adabu, na mimi mzee mzima nikarudishwa kwenye posta. Kulwa alikuwa anakula. Doto sikumwona. Mara akatokea nyuma ya banda la kuku, anafukuza jogoo wangu, kifua wazi, na bibi yake kainuka anamkimbiza, shati mkononi, anamtukana kwa sauti ya wodi nzima. Nilimwangalia yule mtoto akizunguka uwanja mara tatu bila kusimama, mbavu zinapanda na kushuka zenyewe, hakuna aliyekuwa anamkumbusha.